Barua za Shambani: Damu ya bucha na dhamiri ya mkulima

*Shikamoo Mama Shamba,*

*Mimi ni mkulima wa kahawa na mboga huku Kyarumba, wilaya ya Kasese. Kikundi chetu kina cheti cha kilimo hai, kahawa yetu inauzwa Ulaya, na mboga nauza mwenyewe soko la Kisinga. Mimi ni Msabato, sijatia nyama mdomoni tangu mwaka 2013. Mwaka jana jirani mwenye bucha alianza kunipa damu na mifupa bila malipo. Nikavitia kwenye mboji, na sukuma wiki yangu haijawahi kunawiri vile. Likizo hii binti yangu anayesoma Kampala kaniuliza: "Mama, wewe huli nyama, lakini mboga zako zinakula. Tofauti ni nini?" Nilikosa la kumjibu, na tangu siku hiyo nikimwagilia bustani najisikia kama mwongo. Je, ninakosea? Na yule anayekunywa kahawa yetu huko ng'ambo, asiyegusa kitu cha mnyama, tumemkosea?*

*Mama wa Kyarumba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki nzima, maana imenigusa pale ambapo mimi mwenyewe niliwahi kuteleza. Nitakueleza hilo mbele kidogo.

Kwanza umjue unayemwandikia. Mimi ni binti wa mchinjaji. Marehemu baba alikuwa na bucha Bwera, upande wa kuelekea mpakani Mpondwe, na siku za soko tuliamka kabla ya adhana ya alfajiri kumshikia taa. Kazi yangu mimi ilikuwa karai la damu. Wachinjaji wengine waliiacha itiririke mtaroni, mbwa na kaloli, wale korongo wakubwa wala mizoga, wakamalizana nayo. Baba hakukubali. Alikuwa na shimo nyuma ya bucha, anamimina damu, anafunika kwa majivu na majani makavu ya mgomba, anamimina tena, anafunika tena. Shimo likijaa linaachwa miezi mitatu minne, kisha linapandwa mgomba. Matoke ya mashimo yale ndiyo yaliyonilipia karo. Kwa hiyo usitegemee niiite damu kitu cha kuchukiza. Lakini pia sitakuambia kwamba swali la binti yako ni la kitoto.

Sukuma yako ilikuwa na sababu ya kunawiri. Ng'ombe mmoja wa kwetu hutoa lita 10 za damu au zaidi, na ndani yake mna karibu robo kilo ya nitrojeni, ile inayolitia jani kijani kibichi. Damu ikikaushwa na kusagwa, asilimia 12 hivi ya uzito wake ni nitrojeni. Mifupa nayo ina fosforasi, chakula cha mizizi na maua, na kwenye udongo wenye asidi inayeyuka polepole kwa miaka.

Sasa tofauti anayoiuliza binti yako. Mimi naiona hapa: yule ng'ombe hakufa kwa ajili ya mboga zako. Alikufa kwa sababu kuna watu walitaka nyama na wakailipia. Ungekataa damu ile, asingeongezewa hata siku moja ya kuishi, na damu ingeishia mtoni. Ila siku jirani yako akianza kukuuzia, nawe ukaitegemea, hesabu inabadilika. Utakuwa mteja wa machinjio sawa na anayenunua maini. Ndiyo maana nakushauri usiilipie kamwe. Mpelekee jirani yako mboga kama jirani, lakini usiipe damu bei.

Na ninyi Wasabato mnayajua Maandiko kuliko mimi. Rafiki yangu wa kanisa lenu ndiye aliyenionyesha Walawi 17:13, panapoagizwa kwamba mtu akiwinda mnyama wa kuliwa, damu yake imwagwe chini na kufunikwa kwa udongo. Imekatazwa kuliwa, na udongo ndio mahali pake. Nilipousoma mstari ule nilimkumbuka baba na majivu yake.

Kuna upande mwingine ambao binti yako huenda hajauona, nao ni wa udongo wenyewe. Mlima wenu umeinama. Kila gunia la kahawa linaloteremka Kyarumba linabeba nitrojeni, fosforasi na potasiamu za shamba lako, na halirudi. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kwamba wakulima wafikie kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Uganda mpaka leo tuko kwenye kilo chache mno. Wewe na kikundi chako mmeapa kutotia mbolea ya kiwandani, nami nawaheshimu kwa hilo. Lakini mkulima aliyekataa mbolea ya kiwandani, kisha akakataa na ya mnyama, bila kuweka kitu kingine mahali pake, anakula udongo wa wajukuu zake. Hilo nalo ni kosa, hata kama hakuna anayelia. Karne ya 19, Justus von Liebig, mkemia wa Ujerumani, aliishutumu Uingereza kwamba inanyang'anya nchi nyingine rutuba yao, hata imefukua mifupa ya viwanja vya vita vya Leipzig, Waterloo na Crimea kwenda kurutubisha mashamba yake. Nikiona lori la kahawa linashuka kuelekea Kampala, huwa namkumbuka. Sisi nasi rutuba yetu inasafiri.

Hapo nimekutetea. Sasa nikubane.

Mifupa usipokee ya mnyama usiyejua alikufaje. Sisi wa Kasese tunapakana na hifadhi ya Queen Elizabeth, na kimeta tunakijua. Mwaka 2004 viboko zaidi ya 200 walikufa kwa kimeta ndani ya hifadhi ile, na mwaka 2010 ugonjwa ukarudi. Vijidudu vyake vikijifunga kwenye ganda lao hukaa udongoni miaka mingi sana, na huko nyuma unga wa mifupa kutoka nchi za mbali ndio uliokuwa ukipeleka kimeta kwa ng'ombe wa Uingereza. Mnyama aliyejifia porini au zizini haguswi, hachunwi, hapasuliwi. Aitwe daktari wa mifugo, afukiwe chini sana au achomwe. Nimeona watoto wakiokota mifupa kando ya barabara ya Katunguru kwenda kuuza, na moyo ukanienda mbio. Pokea ya jirani yako peke yake, ya mnyama aliyekaguliwa kabla ya kuchinjwa na nyama yake ikapigwa muhuri. Mifupa ichome kwenye moto mkali mpaka iwe nyeupe, kisha itwange. Nitrojeni utaipoteza, lakini fosforasi inabaki na hatari inapungua sana.

Binti yako akikutajia kichaa cha ng'ombe, mwambie ukweli wake. Kiligunduliwa Uingereza mwaka 1986, ng'ombe zaidi ya 180,000 wakathibitishwa kuugua, na mwaka 1996 serikali ya huko ikakiri kwamba huenda kimewafikia watu. Kilichokieneza ni kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya mifugo wenzao. Mla majani alilazimishwa kumla mwenziwe ili maziwa yaongezeke. Dhambi ilitendeka kwenye hori la chakula. Hata hivyo gunia la unga wa mifupa lisilo na jina la mtengenezaji wala nchi, mimi silinunui.

Lundo lako nalo lichemke. Damu mbichi usimwage kwenye tuta. Inaunguza mizizi, inaita mbwa, inanuka mpaka kwa majirani. Sehemu moja ya damu, sehemu nyingi za maganda makavu ya kahawa, majani ya mgomba na vumbi la mbao, upindue kila wiki. Ukichomeka panga katikati na kulishika baada ya dakika chache, liwe moto wa kukufanya uondoe mkono. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka lundo la wazi likae juu ya nyuzi joto 55 kwa siku 15 na lipinduliwe mara tano, na samadi mbichi iwekwe siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo. Hatuuzi sukuma Marekani, lakini tumbo la mtoto wa Kisinga halina tofauti na la huko.

Sasa kuteleza kwangu. Mwaka 2009 nilikuwa na bustani Kasese mjini, na mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kigujarati mwenye duka la vitambaa. Nyumbani kwao hawali nyama, hawali samaki, hawali hata yai. Aliniuliza mara moja tu, mkono wake ukiwa juu ya fungu la mchicha: "Unatia nini hapa?" Nikasema, "Samadi tu." Samadi ilikuwemo, ni kweli. Na damu ya machinjio ilikuwemo. Nilijua anachouliza, na nikajua ninachoficha. Nilikaa na neno lile miaka miwili, kisha nikaenda dukani nikamwambia. Hakunigombeza. Alikunja kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunjua, akakikunja tena, akasema, "Ungeniambia, ningechagua mwenyewe." Tangu siku hiyo alinunua maharagwe pekee, ya shamba la pili ambalo sikutia kitu. Ningependa angenigombeza.

Kwa hiyo swali lako la kuwa mwongo, mwanangu, nalijibu hivi: hujawa mwongo kwa kutia damu. Utakuwa mwongo siku utakapoulizwa ukajibu nilivyojibu mimi. Kwa mboga za Kisinga sema waziwazi, hasa kwa Wasabato wenzako wasiokula nyama. Wengine watanunua, wengine hawatanunua, na ni haki yao. Kwa kahawa, mwambie mkaguzi wa ndani wa kikundi na uandike kwenye daftari: tarehe, madebe mangapi, imetoka wapi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina orodha yake ya mbolea zinazoruhusiwa, na humo mna unga wa damu, wa mifupa, wa kwato na wa pembe. Kilichokatazwa ni samadi ya ufugaji wa kiwandani, na mimi naona wamepatia. Samadi ya kuku waliofungiwa maisha yao yote pasipoweza kukunjua bawa, hata ukipewa bure, unamsaidia mwenye banda kuondoa mzigo wake. Usiache daftari kwa sababu kitu kimeruhusiwa. Kanuni za kikundi au za mnunuzi zinaweza kuwa kali zaidi. Yule mnywaji wa ng'ambo hamjamdanganya, kwa sababu cheti cha kilimo hai hakijawahi kuahidi kwamba shamba halina kitu cha mnyama. Wapo wanaoahidi hilo. Mwaka 2017 IFOAM, shirikisho la kilimo hai la kimataifa, lilikubali kanuni moja ya kilimo hai kisichotumia mnyama hata kidogo, yenye wakulima Ujerumani na nchi nyingine. Anayetaka kahawa ya namna hiyo ana pa kuitafuta.

Kama baada ya haya yote moyo wako bado unakataa, uusikilize. Tithonia, yale maua ya manjano yaliyojaa kando ya barabara zetu, majani yake yakikauka yana asilimia 3.5 hivi ya nitrojeni. Yakate mabichi, uyafukie. Panda mimea ya jamii ya kunde: kaliandra kwenye kingo za matuta na lablab (fiwi) kati ya mibuni. Maganda ya kahawa yadai kikundini. Ni mali ya shamba lako. Ila majani hayaumbi fosforasi, yanaihamisha tu kutoka kwenye ua kuingia shambani, kwa hiyo itabidi uagize mawe ya fosfeti ya kusaga kutoka milima ya Sukulu kule Tororo. Kazi itakuwa nyingi kuliko ya sasa, na mavuno ya mwaka wa kwanza huenda yakashuka. Kama una mbuzi, usiwaondoe. Samadi wanaitoa wakiwa hai, na hakuna aliyekufa kwa ajili yake.

*Assalaam alaykum Mama,*

*Nina bustani ya mboga za majani, nakati na dodo (mchicha), hapa Bombo, na wateja wangu wengi ni Waislamu wenzangu. Jirani yangu Mkristo anafuga nguruwe na yuko tayari kuniuzia samadi yake kwa bei nafuu. Wengine wameniambia mboga zitakuwa haramu, na zitaleta minyoo ya kichwani. Nifanyeje?*

*Mkulima wa Bombo*

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi si shehe, na neno la mwisho kalichukue kwa imamu wako. Nililofundishwa ni hili: wanazuoni walio wengi, wa madhehebu ya Kishafii wakiwemo, wanaona zao lililomea kwenye najisi ni tohara, kwa sababu kilichoingia kwenye mmea kimekwisha kugeuka kitu kingine. Kilichorukia juu ya jani ndicho kinachooshwa. Wapo wa Kihanbali wanaotaka mmea umwagiliwe kwanza maji safi mpaka athari iondoke. Hakuna shida kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna. Fanya hivyo, umewaridhisha wote.

Penye mzigo zaidi ni kuuziana. Kwa Mashafii najisi haiuzwi, na samadi, hata ya ng'ombe, wanaihesabu najisi. Wamefungua mlango mmoja: unaweza kumpa mtu malipo aachie alichonacho, au ulipie kazi ya kuzoa na kubeba. Jirani yako hataona tofauti kwenye mfuko wake, lakini wewe utalala vizuri. Mweleze kwa adabu, asije akadhani unamdharau yeye au mifugo yake.

Ya minyoo ya kichwani umedanganywa. Mayai yanayoingia ubongoni yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Nguruwe naye anayapata huko huko. Choo cha jirani yako ndicho cha kukutia wasiwasi kuliko banda lake. Samadi ya nguruwe ina vijidudu vingine vya kuharisha na mayai ya minyoo mingine, kwa hiyo ichemshwe kwenye lundo kama nilivyomweleza Mama wa Kyarumba.

Na wateja wako uwaambie. Najua utapoteza wachache, pengine wengi mwezi wa Ramadhani. Kama huwezi kuwaambia, basi usiilete bustanini, utafute samadi ya mbuzi.

*Mama, mimi ni kijana wa Masese, Jinja. Nanunua mgongo wazi wa sangara, nakausha, nasaga, nauza kama mbolea ya asili. Biashara inakua na nafikiria kuongeza mukene, wale dagaa wa ziwani. Mama mmoja sokoni amenilaani mbele ya watu. Nimemkosea nini?*

*Kijana wa Masese*

Mwanangu, rudi kwake umsikilize. Mgongo wazi unaouita taka ndio mboga ya nyumba nyingi hapo Masese. Minofu inapanda ndege, kichwa na mgongo vinabaki, na akina mama wale wanavikaanga na kulisha watoto. Wewe ukija na pesa ya mbolea, bei inapanda, na yeye anarudi nyumbani na kikapu kitupu. Sijui kama ndilo alilokulaani kwalo, lakini ndilo ambalo ningekulaani mimi. Mukene usimguse kabisa. Yule ni chakula cha mtoto, na unamla mzima, na kichwa na mifupa.

Kuna kisicholiwa na mtu: matumbo, mashavu, magamba, na samaki waliooza mwaloni. Hivyo vinatupwa kila asubuhi na kuvutia nzi. Chukua hivyo. Uvitandaze kwa tabaka na maganda makavu ya miwa, ambayo Busoga hayakosekani, na juu ufunike unene wa mkono mzima ili kaloli wasifukue. Lundo likae mbali na maji. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zimetenga mita 200 kutoka ufukwe wa Ziwa Viktoria, na kwako zina sababu zaidi: mchuzi wa samaki ukiteremka ziwani unalisha gugumaji, na gugumaji likifunga mwalo, mitumbwi haitoki na hata hayo matumbo hutayaona.

Magunia ya mgongo wazi uliyokwisha kuyasaga yauze, ukiandika kwenye kila gunia kilichomo. Yale ambayo bado hujayasaga, mrudishie yule mama kwa bei uliyonunulia.